Balozi wa Sultani New York

Hapa Keumbu Waislamu ni wachache, ukivaa kanzu unatazamwa. Basi msikieni Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said. Tarehe 30 Aprili 1840 aliingia New York na meli Sultana kutoka Zanzibar, kapiga kilemba. Watu walijazana kuwakodolea macho mabaharia wake. Yeye akauza tende, karafuu na pembe zake kwa utulivu.

Alimletea Rais Van Buren zawadi, wakiwemo farasi wawili. Sheria ilimkataza Rais kupokea, farasi wakauzwa, pesa zikaingia hazina ya serikali (viongozi wetu mpo?). Wamarekani nao wakaitengeneza meli bure.

Waling'oa nanga Agosti. Ramadhani ya 1256 Hijria iliwakuta njiani, Zanzibar wakafika Desemba.