Kufuli kuukuu za magari: Jinsi ya kuzitambua na kuzikadiria thamani

Anayenunua kufuli kuukuu ya gari pasipo kuijua huenda akalipia chuma kitupu. Mfano mwema ni Ford Model T, gari lililoundwa Marekani kati ya 1908 na 1927. Magari hayo yalipoanza kuwekewa stata ya umeme mwaka 1919, yalitumia funguo za aina 24 tu, zenye nambari 51 hadi 74. Mwizi aliyebeba funguo hizo zote aliweza kuliwasha lolote kati yake. Ndipo wenye magari wakatafuta kufuli za ziada za kufungia usukani au gurudumu.

Ford Model A, iliyofuata mwishoni mwa 1927, ilikuja na kufuli iitwayo Electrolock. Waya wake ulifunikwa kwa chuma hadi kwenye distributa, ili mwizi asiweze kuufikia.

Mnunuzi aanze kwa kusoma maandishi: jina la mtengenezaji na tarehe ya hataza. Tarehe hiyo si ya kuundwa kwa kufuli. Huonyesha tu kwamba haikuundwa kabla ya hapo.

Kufuli nzima yenye ufunguo wake wa asili huwa na thamani kubwa zaidi. Ufunguo wa Model T hupatikana kwa urahisi. Ule wa kufuli ya ziada ukipotea, huenda usipatikane tena. Aidha, kufuli isisuguliwe kwa msasa, kwani maandishi yakifutika, ushahidi nao hutoweka.