"Troubled" maana yake nini hasa?

Wadau, neno hili mnakutana nalo sana kwenye habari za Kiingereza. Litamke "trabold". Ni kivumishi cha mtu, nchi au kampuni inayoandamwa na matatizo mfululizo, hili halijaisha lile limeingia. Gari likipata pancha mara moja haliwi "troubled", jamani!

Wengi wanaboronga hapa: wanalichanganya na "troublesome", yaani msumbufu, anayewasumbua wengine. Chukua mfano wa hapa hapa Kasulo. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi, wengi wakaishia Benaco. Ukiandika kwamba walitoka "troubled Rwanda", umeeleza nchi iliyokuwa kwenye vita na mauaji ya kimbari. Ukiwaita wao "troublesome refugees", umewashtaki wote kwa mkupuo. Wauaji walikuwemo kweli, lakini mama na kichanga mgongoni naye umemtia humo humo.

Kwa mtu mmoja, "she looks troubled" ni kwamba ana mawazo, uso umejaa wasiwasi. Mwalimu wako akiwa hivyo, mwambie "you look troubled, sir". Ukiteleza ukasema "troublesome", shauri yako!