Kurusha ndege ndogo kwa starehe ukiwa ugenini: leseni, gharama na hatari zake

Ndege nyingi tunazoziona zikipita juu ya vijiji vyetu ziko kazini. Zimebeba watalii, wagonjwa, mizigo au wanasiasa wakati wa kampeni. Lakini zipo ndege ndogo na helikopta ambazo rubani wake hayuko kazini kabisa. Amepanda kwa sababu anapenda kuruka, kama mwenzake anavyopenda kuvua samaki siku ya mapumziko.

Katika nchi kama Marekani na Uingereza jambo hili ni la kawaida, na ndugu zetu wanaoishi huko wanaweza kulifanya wakitimiza masharti. Pengine mwanao au mdogo wako amekupigia simu akakueleza kwamba anajifunza urubani, au rafiki yake amemwalika apande naye mwishoni mwa juma. Katika makala hii tunaeleza jambo hilo linakwendaje, sheria inasema nini na hatari ziko wapi, ili msikilizaji wetu ajue la kumuuliza na la kumshauri.

Ni ndege za namna gani?

Ndege inayojulikana zaidi katika mchezo huu ni Cessna 172. Ina injini moja, panga moja mbele na viti vinne. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955, na tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya 44,000. Hakuna aina nyingine ya ndege iliyotengenezwa kwa wingi huo. Mwendo wake ni kama kilomita 220 kwa saa.

Kwa upande wa helikopta, zinazotumiwa sana na wanafunzi na marubani wa starehe ni Robinson R22 yenye viti viwili na R44 yenye viti vinne. Zote mbili hutengenezwa Marekani.

Watu wengi huuliza: injini ikizimika angani itakuwaje? Ndege yenye mabawa haianguki kama jiwe. Cessna 172 ikizimika ikiwa kilomita moja juu ya ardhi inaweza kuteleza hewani umbali wa kama kilomita tisa, na rubani akatafuta shamba au barabara ya kutua. Helikopta nayo ina njia yake. Inaposhuka, upepo unaotoka chini huendelea kuyazungusha mapanga ya juu, na rubani aliyefunzwa anaweza kutua salama. Ila kwenye helikopta ndogo rubani ana sekunde chache mno za kuchukua hatua. Akichelewa, mapanga hupunguza kasi na hayarudi tena.

Desturi hii ilivyoingia Afrika Mashariki

Hata kwetu, mchezo huu ulianza na watu waliokuwa ugenini. Aero Club of East Africa ilianzishwa Nairobi mwaka 1927 na walowezi na wageni wengine waliopenda kuruka, na hadi leo ipo katika uwanja wa Wilson. Uwanja huo una jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929.

Beryl Markham, aliyezaliwa Uingereza na kukulia Kenya, alijifunza urubani huko huko Kenya. Mwezi Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza, akaivuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi na kutua kwa shida Nova Scotia, Kanada.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mei 1931, Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji aliyekuwa akiishi Kenya, aliruka kutoka Voi kwa ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth. Muda mfupi baadaye ndege ilianguka na kuwaka moto. Alikufa yeye pamoja na msaidizi wake Mwafrika, Kamau. Katika simulizi nyingi za ajali ile Kamau hutajwa kwa neno moja au hatajwi kabisa. Tunamtaja hapa kwa sababu hata leo rubani wa starehe anapokosea, mara nyingi hafi peke yake.

Kupata leseni ukiwa mgeni

Leseni ya mtu anayeruka kwa starehe huitwa leseni ya rubani binafsi. Marekani, sheria inataka mwanafunzi awe ameruka angalau saa 40, zikiwemo saa 20 za mafunzo na mwalimu na saa 10 za kuruka peke yake. Uingereza inataka angalau saa 45 na mitihani tisa ya nadharia. Katika nchi zote mbili umri wa chini wa kupata leseni hiyo ya ndege au helikopta ni miaka 17. Lazima pia upimwe afya na daktari anayetambuliwa na mamlaka ya anga, na ujue Kiingereza cha kuwasiliana redioni.

Saa hizo ni kiwango cha chini tu, na wanafunzi wengi huzipita kabla hawajawa tayari kwa mtihani. Hapo ndipo gharama inapopanda. Marekani, saa moja ya ndege ndogo pamoja na mwalimu mara nyingi hupita dola 200, na helikopta ni ghali zaidi. Mtu anayeanza ajiandae kutumia zaidi ya dola 10,000 mpaka ashike leseni. Kijana anayefanya kazi mbili ili atume fedha nyumbani ajue hesabu hiyo kabla hajalipa saa ya kwanza.

Kuna sharti jingine linalowahusu wageni. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani iliweka utaratibu kwamba mtu asiye raia lazima achunguzwe na kuruhusiwa na idara ya usalama wa usafiri, TSA, kabla ya kuanza mafunzo ya leseni ya urubani. Mgeni ahakikishe pia kwamba viza yake inamruhusu kusomea jambo hilo. Kosa katika hili linaweza kumharibia ukaazi wake, na ukaazi una thamani kubwa kuliko leseni.

Leseni ya nchi moja na ndege ya nchi nyingine

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosimamia usafiri wa anga duniani, unasema kwamba rubani wa safari za kimataifa lazima awe na leseni iliyotolewa au kukubaliwa na nchi ilikosajiliwa ndege. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni hili: ndege hii imesajiliwa wapi? Jibu limeandikwa ubavuni mwake. Ndege za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X, za Uingereza G na za Marekani N.

Mtu mwenye leseni ya Tanzania au Kenya aliyehamia Marekani anaweza kuomba cheti cha Kimarekani kinachotegemea leseni yake ya nyumbani. Lakini neno "kinachotegemea" lina uzito. Leseni ya nyumbani ikikoma, cheti kile nacho hakifai tena kutumika. Na anayerudi nyumbani na leseni ya nje lazima aende kwa mamlaka husika, kama TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, ikubaliwe kwanza kabla hajagusa ndege iliyosajiliwa hapa.

Madhara ya kupuuza karatasi hizi yalionekana Novemba 29, 1975. Graham Hill, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1962 na 1968, alikuwa akirudi London kutoka Ufaransa kwa ndege yake usiku wenye ukungu. Ilianguka karibu na uwanja wa Elstree, wakafa yeye na wenzake watano wa timu yake. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ile ilikuwa na namba za Kimarekani lakini ilishafutwa kwenye daftari la usajili la Marekani, kwa hiyo haikuwa ya nchi yoyote. Vibali vyake vya kuruka katika hali mbaya ya hewa navyo vilikuwa vimekwisha muda. Bima ikakosa nguvu. Familia za marehemu zilidai fidia kutoka katika mali aliyoiacha, na mjane wake na watoto wakabaki na mzigo huo.

Rubani wa starehe hafanyi biashara ya abiria

Leseni ya rubani binafsi haimruhusu mtu kubeba abiria kwa malipo. Marafiki wanaweza kuchangia gharama za safari, kama mafuta na kodi ya ndege, lakini rubani naye lazima atoe sehemu yake. Akilipwa ujira, safari imekuwa ya biashara, na biashara inahitaji leseni kubwa zaidi, ukaguzi zaidi na bima nyingine.

Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Emiliano Sala, mshambuliaji wa Argentina aliyetoka Nantes ya Ufaransa kujiunga na Cardiff City. Januari 21, 2019 alipanda ndege ndogo ya injini moja iliyosajiliwa Marekani. Rubani wake alikuwa na leseni binafsi tu, na hakuwa na sifa za kuruka usiku. Ndege ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey na wote wawili wakapoteza maisha. Wachunguzi wa Uingereza walisema rubani alishindwa kuimudu ndege alipokuwa akijaribu kukwepa mawingu, na kwamba huenda tayari alikuwa amedhurika na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi iliyotoka kwenye mfumo wa moshi wa injini. Ni hewa ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Mwaka 2021 mtu aliyeipanga safari ile alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Mawingu, giza na masikio yetu

Mtoto akizunguka mara nyingi kisha akasimama, huona dunia bado inazunguka. Hali hiyo inatokana na viungo vya ndani ya sikio vinavyotusaidia kusimama wima. Rubani akiingia kwenye wingu, au akiruka usiku juu ya maji pasipo taa, macho yake hayaoni upeo wa dunia, na sikio huanza kumdanganya. Anaweza kuwa anainama upande na kushuka, huku mwili ukimwambia yuko sawa.

Ndivyo alivyokufa John F. Kennedy mdogo, mtoto wa rais wa Marekani, pamoja na mkewe na shemeji yake, usiku wa Julai 16, 1999 karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard. Ndege haikuonekana kuwa na hitilafu. Rubani hakuwa na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake, na usiku ule hewa ilikuwa na utusitusi.

Mgeni ana hatari yake ya ziada, kwa sababu hajui hali ya hewa ya mahali alipo. Aliyejifunza Uingereza, karibu na usawa wa bahari, akija Nairobi iliyo karibu mita 1,700 juu, atashangaa ndege inachelewa kuinuka. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na ikiwa na joto huwa nyepesi zaidi. Injini hupungua nguvu, mabawa hupungua uwezo wa kubeba, na njia ya kurukia huhitajika ndefu zaidi.

Helikopta ikishuka kijijini

Panga dogo la mkiani huzunguka kwa kasi kiasi kwamba halionekani kabisa, na linaua papo hapo. Kwa hiyo usipite nyuma ya helikopta hata kama injini inaelekea kuzima. Usisogee mpaka rubani akupe ishara, na mkaribie kutoka mbele ambako anakuona. Mahali penye mteremko, usiijie kutoka upande wa juu, kwa sababu huko mapanga yako karibu na kichwa. Shika kofia, khanga na mtandio. Watoto wakae mbali, na wasiikimbilie inapotua.

Maswali manne kabla ya kupanda

Ndugu yako akialikwa kuruka na rafiki, mwambie aulize haya. Rubani ana leseni ya ndege hii, na bado haijaisha muda? Ndege imesajiliwa wapi, na bima yake inamhusu abiria? Nani analipa, na kwa utaratibu gani? Na hali ya hewa ikibadilika, tutarudi au tutalazimisha?

Rubani mzuri huyajibu maswali hayo bila kukasirika, maana naye alifundishwa kujiuliza hayo hayo kila asubuhi. Akijibu kwa mzaha, au akisema "twende tu, ni karibu", ndugu yako ashukuru kwa mwaliko na abaki chini.