Mlezi au msimamizi?

Juzi, katika benki moja Mombasa, mama alikuwa akipitisha karatasi chini ya kioo, mwanawe wa miaka kama 30 ameketi kando yake. "Wewe ndiye mlezi?" akauliza keshia. Kijana akainamisha kichwa.

Neno mlezi limetokana na kulea, na anayelelewa ni mtoto, mkubwa hutunzwa. Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili ana mali yake na matakwa yake. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya inamtambua pia msimamizi wa mali, anayeteuliwa na mahakama. Huyu hupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu za mapato na matumizi, wala hawezi kuuza shamba au kuliweka rehani bila ruhusa. Hela si zake, ni amana.

Mimi nachagua msimamizi. Ndani yake mna kusimama, na ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu inataka mtu asaidiwe kuamua, asiamuliwe. Yule mama hakumjibu keshia. Alimgeukia mwanawe: "Baba, tutoe elfu ngapi?"

Kijana akainua vidole viwili.