Kifo cha Stelingi: Hukumu za Watazamaji juu ya Filamu ya Fist of Fury na Historia ya Tetu

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi katika Afrika Mashariki umezoea kumtafuta mhakiki darasani na katika kurasa za majarida. Aghalabu umemsahau mhakiki mwingine: mtazamaji aliyeketi kwenye benchi la kibanda cha video na ambaye, picha ilipokwisha, alibaki mlangoni akibishana na wenzake juu ya nani alistahili kufa na nani alistahili kupona. Ubishi wa namna hiyo una vigezo vyake na istilahi zake. Una pia historia yake, kwa kuwa mtazamaji haachi nje ya kibanda yale yaliyowapata wazazi wake.

Makala haya yanaichunguza filamu moja ya Kichina, Fist of Fury ya mwaka 1972, pamoja na hukumu zinazopingana ambazo wapenzi wake wamezitoa. Hukumu hizo zinawekwa kando ya historia ya Tetu, katika Nyeri, mahali alipozaliwa Dedan Kimathi mwaka 1920. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba ubishi juu ya filamu hii hauhusu ustadi wa mapigano, ambao ni vigumu kumpata anayeukana. Unahusu gharama ya kisasi na nani huilipa. Katika Tetu, swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa na kujibiwa kwa damu miaka 20 kabla ya filamu kutengenezwa.

2. Filamu na chimbuko lake

Fist of Fury iliongozwa na Lo Wei na kutolewa na kampuni ya Golden Harvest ya Hong Kong. Bruce Lee anaigiza nafsi ya Chen Zhen, mwanafunzi anayerejea Shanghai na kukuta mwalimu wake, Huo Yuanjia, amekufa. Baadaye anagundua kwamba mwalimu alitiliwa sumu kwa hila ya Wajapani wa chuo cha jirani. Chen anaanza kulipiza kisasi, mmoja baada ya mwingine, huku akijigeuza muuza magazeti, mvuta rikisho na fundi wa simu. Wakati yeye akiwa nje akilipiza, Wajapani wanakivamia chuo chake na kuwaua wenzake. Mwishoni anakubali kujitoa ili chuo kisifungwe, anatoka mlangoni, anakuta bunduki zimemwelekea, na anaruka kuzikabili. Picha inasimama yeye akiwa hewani. Milio ya risasi inasikika.

Huo Yuanjia alikuwa mtu wa kweli. Alifariki mwaka 1910, mwaka uleule ambao chama cha Jingwu kilianzishwa huko Shanghai. Chen Zhen, kwa upande wake, ni mhusika wa kubuni. Hata ile ilani maarufu ya bustani, iliyowaweka mbwa na Wachina katika katazo moja, ambayo Chen anaivunja kwa teke, ina utata wa kihistoria. Robert Bickers na Jeffrey Wasserstrom walionyesha mwaka 1995 kwamba kanuni za bustani hiyo ziliwazuia Wachina hadi mwaka 1928, na ziliwazuia mbwa pia, ila katika vifungu mbalimbali. Filamu iliviunganisha vifungu hivyo katika ubao mmoja. Mtazamaji wa Kenya hakuhitaji kuthibitishiwa ubao huo. Hoteli na vilabu vya walowezi katika nyanda za juu vilikuwa vimemfundisha maana ya mlango usiofunguka kwa rangi fulani ya ngozi.

3. Hukumu ya kwanza: stelingi hafi

Watazamaji wa Afrika Mashariki walijitungia kanuni ya masimulizi ambayo haimo katika kitabu chochote cha nadharia: stelingi hafi. Stelingi ni yule ambaye msuko unamwegemea. Anaweza kupigwa, kufungwa, hata kuzikwa akiwa hai, lakini lazima adui atangulie kufa. Kanuni hii ndiyo mkataba kati ya mtazamaji na filamu, nayo ndiyo inayozaa taharuki: hadhira haiulizi kama shujaa atapona, inauliza atapona vipi.

Fist of Fury inauvunja mkataba huo, na hapo ndipo wapenzi wake wanapotengana. Wako wanaoona kwamba filamu imewadhulumu, kwa kuwa mtu aliyewashinda mabingwa wote hapaswi kuangushwa na askari wasio na majina. Wengine hushikilia kwamba stelingi hakufa, maana hakuna jicho lililomwona akianguka. Kundi hili la pili lina hoja ya kifani yenye nguvu. Mwongozaji aliisimamisha picha kabla ya risasi kufika, na kwa hiyo alimnyima adui maiti ya kuonyesha.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ataikumbuka mara moja tamati ya Fumo Liyongo. Katika utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa anachomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuuvuta upinde wake. Watu wanaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa, bila kujua kwamba anayewatisha amekwisha kufa. Liyongo na Chen wanakufa katika kituo cha kushambulia. Ushindi wa mauti unafichwa na umbo la mwili. Hivyo kanuni ya kwamba stelingi hafi si utoto wa vibanda vya video. Ni mwendelezo wa fikra kongwe kuhusu nguli.

Tetu ilipewa picha ya kinyume. Kimathi alipopigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu wa Nyandarua, serikali ya kikoloni ilimpiga picha akiwa amelala, majeruhi, mikono imefungwa, na picha hiyo ikaenezwa. Alishtakiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Ukoloni ulielewa vyema jambo ambalo Lo Wei alilielewa pia: anayeimiliki picha ya mwisho ya shujaa ndiye anayeimiliki maana yake.

4. Hukumu ya pili: nani alilipa?

Upande wa pili wa ubishi ni mzito zaidi. Wako wapenzi wa filamu wanaomlaumu Chen. Mafundisho ya chuo chake yanamtaka ajizuie. Wakubwa wake wanamsihi atulie. Yeye anakwenda peke yake, bila idhini ya yeyote, na walioachwa nyumbani ndio wanaochinjwa. Kwa hukumu hii, ujasiri wake ni deni lililoandikwa kwa jina lake na kulipwa na wengine.

Mtu aliyekulia Tetu anao msamiati wa kuupima mgogoro huo. Wapiganaji wa msituni walitofautisha kati ya itungati, yaani askari walio chini ya kiapo na amri, na komerera, yaani wale waliojificha na kuishi kwa kupora pasipo nidhamu. Baraza la Ulinzi la Kenya, lililoundwa msituni Agosti 1953 chini ya Kimathi, lilikusudiwa kuyaweka makundi yaliyotawanyika chini ya uongozi mmoja. Kwa kipimo hicho Chen ni mhusika mgumu. Lengo lake ni la itungati, lakini mwenendo wake hauna amri. Filamu haimwamulii mtazamaji, na ndiyo sababu ubishi haukomi.

Kadhalika, gharama ilijulikana. Kuanzia mwaka 1954 serikali iliwahamishia Wagikuyu zaidi ya milioni 1 katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa uzio na kulindwa, ili msitu ukatiwe chakula na habari. Waliolipa kwa wingi walikuwa akina mama, wazee na watoto, ambao hawakuwahi kushika silaha. Mjukuu wa mama aliyechimba handaki la kijiji ana haki ya kumwuliza Chen alikuwa wapi chuo kilipovamiwa. Mjukuu wa aliyekwenda msituni naye ana haki ya kujibu kwamba chuo kingevamiwa hata kama Chen angekaa kimya, kwa kuwa mwalimu aliuawa kabla hajarusha teke hata moja. Katika Tetu wajukuu hao wawili wanaweza kuwa wa ukoo mmoja.

5. Mkalimani na fanani

Mhusika anayechukiwa kupita wote katika filamu si Mjapani. Ni mkalimani Mchina anayewaletea wanachuo ubao wa matusi siku ya matanga na kucheka wanapodhalilishwa. Tetu haikukosa jina la mtu wa aina hii. Walinzi wa upande wa serikali waliitwa ngati, na aliyempiga Kimathi risasi alikuwa Mwafrika. Lakini filamu inamrahisisha mkalimani huyo hadi akawa kikaragosi, ilhali historia ya ngati ina woga, njaa, mashamba na ugomvi wa koo ndani yake. Kuhusu jambo hili uhakiki hauna budi kuilaumu filamu: imemnyima mtazamaji msaliti wa kueleweka.

Kuna kinaya hapa. Filamu inayomwua mkalimani imewafikia watu kwa ukalimani. Sauti za waigizaji ziliingizwa studioni baada ya picha kupigwa, kisha zikabadilishwa kwa Kiingereza ili ziuzwe nje. Baadaye filamu za kung fu zilipata fanani wao wa Kiswahili, akina Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, huko Tanzania, na DJ Afro nchini Kenya. Fanani wa namna hii hatafsiri tu. Huwapa wahusika majina ya kienyeji, huchomeka methali na mzaha, na huelekeza hukumu: akimsifu stelingi, hadhira husahau waliochinjwa, akinyamaza kidogo, huwakumbuka.

6. Hitimisho

Mwaka 1994 hadithi hii ilitengenezwa upya kwa jina la Fist of Legend, Jet Li akiwa Chen. Humo yupo Mjapani mwungwana, upo upendo kati ya Chen na msichana wa Kijapani, na Chen hafi. Wapenzi waligawanyika tena: wengine waliona ukomavu, wengine wakaona kwamba ghadhabu imezimuliwa maji. Mgawanyiko huo unaonyesha kuwa masuala ya mwaka 1972 hayakufungwa.

Nchini Kenya, marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Kwa kipindi hicho chote, tamthilia kama The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, iliyotoka mwaka 1976, ziliibeba kazi ya kumhukumu shujaa upya. Filamu ya kigeni haikuibeba kazi hiyo kwa makusudi. Hata hivyo ilimpa mtazamaji mfano ulio mbali kiasi cha kuweza kuujadili kwa sauti, ulio karibu kiasi cha kumchoma. Uhakiki unaoudharau ubishi wa mlangoni mwa kibanda unajinyima ushahidi wa jinsi watu wanavyopima ushujaa pale ambapo makaburi ya pande zote mbili yamo katika kijiji kimoja.