Tchomia: vya kutengeneza nyumbani badala ya kube, kopo na sashe

Tchomia iko pembeni ya Ziwa Albert, karibu kilometa 60 kutoka Bunia. Samaki inatoka majini kila asubuhi, lakini katika sufuria nyingi za senta hiyo ladha inatoka kwenye kube. Sababu inaeleweka. Mama anayenunua samaki mapema pale mitumbwi inafikia, akauza mpaka mchana, akarudia nyumbani jua ikianza kushuka, hana nguvu ya kusimama saa mbili mbele ya jiko. Kijana mvuvi anayeishi kambini na wenzake hana hata mtu wa kumuonyesha namna ya kupika. Basi wananunua kile kinachoenda mbio: kube, tomate ya kopo, maziwa ya unga, biskuti za watoto, juisi ya sashe. Vingi vinavuka ziwa kutoka Uganda ao vinashuka kwa gari kutoka Bunia. Barabara ikiharibika ao usalama ukipungua, bei inapanda siku hiyo hiyo.

Vitu hivyo si sumu, na hakuna haja ya kutishana. Lakini kadhaa kati yavyo mtu anaweza kutengeneza mwenyewe, hata yule ambaye jana tu ndio alishika mwiko kwa mara ya kwanza. Kazi yake si ya kila siku. Nusu siku moja kwa juma, ile siku mtu hatoki, inatosha kuandaa viungo vya kutumia siku zote zinazobaki.

Kube inatoka wapi, na ndani yake kuko nini

Kube ilizaliwa Uswisi. Julius Maggi alikuwa amekwisha kuanza na unga wa nafaka za maganda kama maharagi, na supu za kuiva upesi, kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda ambao hawakuwa na saa wala pesa. Mwaka 1908 akatoa kube yake. Kampuni yake iliungana na Nestlé mwaka 1947, na leo viwanda vingine vingi vinatengeneza kube za namna hiyo. Kwa kweli shida ile ya wafanyakazi wa Uswisi ndiyo ile ile ya mama wa Tchomia: mwili umechoka, watoto wana njaa.

Kwenye karatasi ya chakula cha kiwanda kuna sheria moja yenye faida kuijua: kitu kinachoandikwa cha kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Katika kube nyingi, cha kwanza ni chumvi. Nyuma yake kunakuja mafuta, sukari, unga na glutamate, ile inayoleta ladha ya nyama. Nyama yenyewe, kama iko, ni kidogo sana. OMS inaomba mtu mkubwa asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kusema karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na chumvi yote iliyo ndani ya mkate, makayabo na supu. Mpishi anayetia kube tatu, halafu anaongeza chumvi juu yake, anapita kipimo hicho haraka. Na tansiyo haipigi hodi kabla ya kuingia.

Anayetaka kuendelea na kube aitumie nusu, na asiongeze chumvi. Hilo peke yake ni mabadiliko makubwa.

Unga wa samaki ndogo

Kwa watu wa ziwa, dawa ya kube iko mlangoni. Samaki ndogo-ndogo kavu, zile ambazo upande wa Uganda wanaita muziri na ragoge, ziko na ladha hiyo ya nyama ndani yao bila kupita kiwandani. Tena mtu anazikula nzima, na mifupa na kichwa, kwa hiyo anapata kalsiamu, chuma na zinki ambazo kipande cha mnofu peke yake hakileti kwa wingi hivyo. Wakati wa kununua, mpishi aangalie vizuri. Kuna samaki ndogo kwa asili yake, ambayo haitakua zaidi, na kuna mtoto wa kapiteni ao wa tilapia aliyevuliwa kabla ya siku zake. Yule wa pili, afazali abaki majini.

Shida ya kwanza ni muchanga. Samaki iliyoanikwa chini inabeba muchanga mpaka ndani ya tumbo, na muchanga mmoja tu kwenye jino unaharibu sahani nzima. Nunua ile iliyoanikwa juu ya nyavu ao juu ya meza ya miti, hata kama bei inazidi kidogo. Ukifika nyumbani, itikise ndani ya ungo, uisafishe mbio-mbio katika maji ya moto mara mbili, uimwage maji, halafu uirudishe juani mpaka ikauke tena. Usiiache ilale ndani ya maji. Ladha yote itabaki humo.

Ikishakauka, iweke kwenye sufuria kavu bila mafuta, moto mdogo, ukiigeuza daima kwa dakika kumi ao kumi na tano, mpaka ivunjike kati ya vidole viwili. Hapa ndipo wengi wanaoanza wanakosea: wanaongeza makala ili waende haraka, samaki inaungua inje na kubaki na maji ndani, na unga wake unaoza kisha siku chache. Iache ipoe. Twanga kwenye kinu, chekecha, na ile mikubwa iliyobaki uirudishe kinuni. Weka unga ndani ya chupa kavu yenye kifuniko kinachofunga vizuri, mbali na jua. Kwa joto la kando ya ziwa, tengeneza ile ya juma mbili tu, maana mafuta ya samaki yanaharibika na kuanza kunuka vibaya. Ikibadilika harufu, itupwe.

Kijiko kimoja kikubwa ao viwili vinatosha sufuria ya jamaa, iwe sombe, lenga-lenga ao maharagi. Tia wakati chakula kinakaribia kuiva, acha kichemke dakika kumi, onja, ndipo uweke chumvi. Sombe yenyewe lakini haifupishwi: majani ya muhogo yanatwangwa na kuchemshwa sana, bila kufinika mwanzoni, ili sumu yake itoke.

Majani ya harufu ndani ya chumvi

Seleri, puaro, vitunguu saumu na pilipili vinatoka milimani, upande wa Bunia na Djugu, na kwenye joto la Tchomia vinanyauka kesho yake. Vikate vidogo sana, ao uvitwange, uchanganye vipimo vinne vya majani na kipimo kimoja cha chumvi ya iode kwa uzito, ukandamize ndani ya chupa safi. Chumvi inavilinda, na kijiko kimoja kidogo kinaingia sufuriani mahali pa chumvi yote. Yaani si juu ya chumvi nyingine! Wengine wanaweka vitunguu saumu vibichi ndani ya mafuta na kuviacha mezani siku nyingi. Hiyo ni hatari, sababu chini ya mafuta kunaweza kuota mikrobe ya sumu kali ambayo haionekani wala kunuka.

Tomate

Tomate zikiwa nyingi sokoni, kilo mbili zilizokatwa na kuchemshwa bila maji, moto wa katikati, zinapungua kwa muda wa saa moja mpaka zinabaki nzito, za kujaza chupa ndogo. Ongeza mafuta, chumvi kidogo na ndimu. Bila frigo zinakaa siku tatu tu, tena kwa kuchemshwa kila siku. Kuzikausha juani katika vipande vyembamba, zikiwa zimefinikwa na nyavu, kunakula siku kadhaa lakini hakuli makala. Wakati tomate ni za taabu, kopo ni afazali. Kutumia makala ya franka nyingi kwa tomate nne ni hesabu mbaya.

Buyi ya mtoto

Hapa mambo si ladha tena. Butikini kuko sashe za unga mweupe zinazoitwa zote «maziwa». Zimoja ni maziwa kweli. Zingine zimeandikwa «matière grasse végétale», ni kusema mafuta ya maziwa yametolewa na yale ya mimea yamewekwa mahali pake, na zingine zinatengenezwa kwa kuweka rangi ndani ya kahawa tu. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapashwi kupewa hata moja ya hizo. OMS na UNICEF wanasema titi la mama peke yake mpaka miezi 6, kisha titi pamoja na chakula, mpaka miaka miwili na zaidi. Biskuti iliyolowanishwa ndani ya chai inashibisha mtoto na kumnyamazisha, lakini haimjengi.

Kwa mtoto aliyefikisha miezi 6, buyi inaweza kutoka kwa vilauri viwili vya mahindi, kimoja cha mtama na kimoja cha soja. Soja ndiyo inataka uangalifu. Inachaguliwa, inasafishwa, inachemshwa karibu nusu saa, inafikichwa ili maganda yatoke, inaanikwa, inakaangwa kavu mpaka iwe rangi ya kahawa, ndipo yote yanakwenda pamoja mashineni. Soja mbichi inazuia tumbo la mtoto kutumia protini yake. Buyi ichemke dakika 20, iwe nzito ya kushikamana na kijiko. Ile nyepesi kama chai inajaza tumbo kwa maji. Mwishoni tia kijiko kidogo cha unga wa samaki uliochekechwa vizuri sana, ambao haukutoka kwa samaki ya chumvi, ao karanga zilizosagwa, na tone la mafuta ya mawese. Kube hapana, na chumvi haina haja.

Karanga zichaguliwe moja-moja. Ile yenye ukungu, iliyokunjamana ao yenye rangi nyeusi inatupwa, sababu inaweza kubeba aflatoksini, sumu inayoharibu maini, na kukaanga hakuimalizi. Kumpa kuku ni kuirudisha nyumbani kwa mlango mwingine.

Vya kumalizia

Mahali pa mayoneze, avoka iliyopondwa na ndimu na chumvi, iliwe saa hiyo hiyo. Mayoneze ya nyumbani ina mayai mabichi, na bila frigo haifai. Mahali pa biskuti za shule, viazi vitamu vilivyochemshwa jioni vinabebeka asubuhi.

Juisi ya marakuja, ndimu ao tangawizi inashinda ile ya sashe, lakini maji ndiyo yanaamua. Kando ya ziwa hili kipindupindu kinarudia mara kwa mara, na ndimu haiui kila mikrobe. Maji yachemke mpaka yatoe mapovu makubwa, yapoe ndani ya bido yenye kifuniko, na kikombe cha kuchotea kisiguswe na kila mkono. Kama makala imekwisha, dawa ya maji inatumika kwa kipimo kilichoandikwa, ikingojewa nusu saa kabla ya kuweka matunda.