Makatizo na staki katika kiini cha mfumo endeshi

Katizo ni ishara inayoitaka prosesa iache kwa muda kazi iliyo nayo ili ihudumie jambo lisilosubiri. Abiria anayengoja treni ya Mwanza katika stesheni ya Tabora, simu ya Android mkononi, huyasababisha makatizo bila kujua: akigusa kioo, ujumbe wa pesa ukiingia, prosesa hukatizwa. Kinachoyapokea ni kiini, sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia vifaa na kumbukumbu. Kwenye Android kiini hicho ni Linux.

Ili kazi iliyokatizwa iendelee kana kwamba haikuguswa, hali ya rejista, yaani vihifadhi vidogo vilivyomo ndani ya prosesa, huhifadhiwa kwenye staki. Ni kama mizigo ya msafara uliotoka Bagamoyo, iliyotuliwa Unyanyembe, karibu na Tabora, katika rundo moja: uliowekwa mwisho ndio unaoinuliwa kwanza. Lakini staki ya kiini haipanuki. Kwenye prosesa za x86 za biti 64, Linux iliitengea kila kazi kilobaiti 8 tu, hadi toleo 3.15 la mwaka 2014 lilipozifanya 16.

Hapo ndipo penye hatari. Kazi iliyokwisha kupita tabaka nyingi za mfumo wa faili huenda imebakiza nafasi ndogo sana katizo linapoingia. Likitumia staki ileile, data hufurika na kuharibu kumbukumbu ya jirani. Hilo ni baya kuliko simu kuzimika, kwa sababu mashine huweza kuendelea na data mbovu bila mtu kugundua. Ndiyo maana Linux hutenga staki maalumu za makatizo. Tangu toleo 4.9 la mwaka 2016, kwenye x86 ya biti 64, inaweza pia kuweka mpakani mwa staki ukurasa usioguswa, na anayeuvuka hunaswa papo hapo. Kunaswa huko nako kunahitaji staki, ilhali iliyopo imekwisha! Kwa dharura hiyo prosesa hizo zina jedwali la staki za akiba, zisizozidi 7.

Upo mtego mwingine. Kanuni za Unix kwa prosesa hizohizo huruhusu programu kutumia baiti 128 zilizo chini ya kielekezi cha staki bila kukisogeza. Ndani ya kiini, katizo lingeandika juu ya baiti hizo, kwa hiyo kompaila huamriwa isizitumie.

Msimbo unaohudumia katizo hauruhusiwi kulala, yaani kuiachia prosesa huku ukisubiri. Hata ukingojea bila kulala kufuli, yaani alama ya zamu ya kutumia data, iliyoshikwa na kazi uliyoikatiza, vyote viwili hukwama milele. Kazi inayoshiriki data na katizo huyazima kwanza makatizo ya prosesa yake, ndipo ishike kufuli. Ikimaliza, huyarudisha katika hali iliyoyakuta, maana pengine yalikuwa yamezimwa tayari.

Anayeandika dereva ya kifaa asiweke safu kubwa ya data kwenye staki ya kiini. Aombe kumbukumbu kwingine, na aiombe kabla hajayaruhusu makatizo ya kifaa chake.